Mbinu za Kukizunguka Kiburi Chako

Mwenyekiti wa kigango, mama wa WAWATA, katekista, nawe padre uliyepadirishwa juzijuzi ukatumwa huku kwetu Mpimbwe: sogeeni karibu, niwaambie jambo ambalo semina za viongozi hulipitia harakaharaka. Unyenyekevu hauji kwa kungojewa. Ukikaa hapa Usevya ukisubiri moyo ulainike ndipo upige goti, utazeeka umesimama. Kiburi kina subira kuliko wewe. Ukikikabili uso kwa uso kinakuangusha, kisha kinakusifu kwa namna ulivyopigana vizuri. Dawa yake ni kukizunguka. Kanisa limeishi na viongozi wanaopenda ukubwa kwa karibu miaka 2000, na limetuachia njia za kupita nyuma ya kiburi: goti, busu, beseni, sakafu. Ni njia za mkato. Zipite bila aibu.

1. Kiri kwamba unapenda kuonekana

Fanya hivyo leo, kimoyomoyo. Unapenda kiti cha mbele. Unapenda MC akitaja jina lako kabla ya jina la mwenzako. Siku Baba Askofu anapotoka Mpanda kuja kutoa Kipaimara, unajua tangu alfajiri utasimama upande gani wa lango ili picha ikukute.

Usijitese kwa hilo. Luka anasimulia kwamba Mitume waligombea ukubwa mezani, usiku uleule wa Karamu ya Mwisho. Yohane anasimulia kwamba usiku huohuo Yesu alivua vazi lake la nje, akajifunga kitambaa kiunoni, akaanza kuwaosha miguu. Ziweke simulizi hizo mbili pamoja utaona beseni lilitolewa mbele ya watu wa namna gani. Lilitolewa kwa ajili yetu. Aliyekwisha kuwa mnyenyekevu halihitaji sana.

2. Tanguliza goti, moyo utalifuata

Sisi wa Katavi tuna bahati, maana somo hili tumelianza nyumbani. Binti wa Kisukuma humpigia goti shangazi yake bila kujiuliza kama leo anajisikia kumheshimu. Labda jana waligombana. Goti linashuka kwanza, na likishashuka ni vigumu kuendelea na ugomvi kwa sauti ileile. Mwili umefika, moyo unajikongoja nyuma yake.

Fanya vivyo hivyo kanisani. Goti la kulia, ukiielekea tabernakulo, mpaka liguse sakafu. Usipige lile goti la mwenye haraka, la mtu anayekwepa tawi njiani. Shuka, tulia kwa pumzi moja, ndipo uinuke. Suruali itashika vumbi, hasa kiangazi. Usilipanguse mbele ya watu. Liache likae mpaka tangazo la mwisho.

Kama magoti yamechoka, tafuta njia nyingine, lakini usiache. Papa Yohane Paulo II, aliyekuja Tanzania Septemba 1990, alikuwa na desturi ya kupiga magoti na kubusu ardhi ya nchi anayoifikia kwa mara ya kwanza. Uzee ulipomzuia kushuka, akawa analetewa udongo ndani ya chombo, anaubusu akiwa juu. Huo ndio moyo ninaoutaka kwako: ukishindwa kuufikia udongo, omba uletewe.

3. Panga saa ya kuvua kofia

Siku ya Misa ya Askofu, acha kuangalia kwaya kidogo, angalia kichwa chake. Mitra inavaliwa na kuvuliwa mara kadhaa. Chini yake kuna kofia ndogo ya zambarau, na hiyo nayo huondolewa Sala ya Ekaristi inapoanza, isirudi mpaka baada ya Komunyo. Hakuna anayemuuliza Askofu kama leo ana hamu ya kuivua. Saa imefika, inavuliwa.

Uzuri wa mbinu hii ni kwamba imetolewa mikononi mwa mhusika. Ukimwachia mtu achague mwenyewe saa ya kujishusha, hataiona. Kwa hiyo jipangie ratiba. Huna mitra, lakini una kipaza sauti. Una ufunguo wa stoo. Una mhuri wa kigango, na sote tunajua namna mhuri unavyoweza kumnenepesha mtu. Chagua siku moja ya kila mwezi ambayo mwingine anaongoza kikao nawe unaandika muhtasari, kisha mwambie katibu aiandike kwenye ratiba ili usiiahirishe.

Ukiamua kuvua, vua kitu ambacho watu watakikosa kichwani mwako. Papa Paulo VI alipewa taji na watu wa Milano, jimbo alilokuwa akiliongoza kabla ya kuchaguliwa. Novemba 1964, katikati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, alishuka kitini pake, akaliweka taji lile juu ya altare ya Mtakatifu Petro kwa ajili ya maskini. Hakuna Papa aliyevikwa taji baada yake. Alivua mara moja, na waliomfuata wote wakapata njia ya kutolivaa. Fikiria kuna desturi gani parokiani ambayo wewe ukiivua leo, mwenyekiti ajaye hatakuwa na ujasiri wa kuivaa tena. Ile sahani ya viongozi yenye nyama nyingi, kwa mfano. Anza na hiyo.

4. Beseni

Hapa tukae kidogo, maana Alhamisi Kuu ndipo wengi wetu tunapoharibu kazi nzuri.

Kosa la kwanza hutokea wiki moja kabla, kwenye orodha. Wanateuliwa watu 12, na kwa namna fulani wote ni wajumbe wa halmashauri. Kila mmoja anaoga vizuri nyumbani, anapaka mafuta, anavaa soksi mpya. Wakati wa ibada, padre anaosha miguu iliyo safi kuliko taulo. Vunja orodha hiyo. Kwa agizo lililotangazwa Januari 2016, Papa Fransisko aliruhusu waoshwao wachaguliwe miongoni mwa taifa lote la Mungu, wanaume kwa wanawake. Yeye mwenyewe alikuwa ameshatangulia: Alhamisi Kuu yake ya kwanza, Machi 2013, alikwenda gereza la vijana la Casal del Marmo, Roma, akawaosha miguu vijana 12, wakiwamo wasichana na Waislamu.

Basi nawe tafuta. Mama anayeuza dagaa. Kijana wa bodaboda anayelala juu ya pikipiki yake. Mchungaji wa ng'ombe aliyekuja kusali na fimbo yake. Mlinzi wa usiku. Na sasa nikupe siri ya ndani kabisa: mweke pia mtu mmoja ambaye hamsalimiani. Usimweke wa kwanza, utatetemeka. Mweke wa saba, mikono ikiwa imeshazoea.

Maji yawe ya vuguvugu. Tumia beseni la kawaida la plastiki, lile la kuogeshea watoto. Hilo la shaba lililonunuliwa mjini liache sakristia, linavuta macho. Usiinamie kiunoni ukamimina maji kutoka juu. Piga magoti. Weka kiganja cha kushoto chini ya kisigino, ubebe uzito wa mguu wote. Mwenye mguu atakaza misuli, ataunyanyua mwenyewe ili kukupunguzia kazi. Ngoja. Baada ya muda mfupi atauachia, na hapo ndipo utaujua uzito wa mguu wa mtu.

Utaona magaga yaliyopasuka mpaka mekundu. Utaona ukucha mweusi uliogongwa na jembe, na tope la mpunga lililojificha pembeni mwa kidole gumba, maana huyu katoka mashambani moja kwa moja. Osha pembeni mwa kidole. Osha katikati ya vidole. Kausha, usipige taulo mara mbili na kupita. Ukifika mguu wa tatu utagundua jambo: hujawaza watu wanakuonaje tangu ulipoanza kutafuta lile tope. Mikono ilipata kazi, kiburi kikakosa mtu wa kuzungumza naye. Sijaona mbinu nyingine inayofanya kazi haraka kiasi hicho.

Mwaka wa kuoshwa wewe, kaa. Petro alikataa, akaonywa, na kukataa kwake kulionekana kama heshima. Kiongozi anayejua kutoa tu, asiyejua kupokea, bado ameshika nafasi ya juu. Toa mguu wako wenye magaga. Usiombe radhi kwa ajili yake.

Na mama akikupigia magoti njiani, "Tumsifu Yesu Kristo, Padre," usipite ukipunga mkono. Simama, inama mpaka macho yenu yakutane, itikia "Milele amina" mpaka mwisho wake, kisha muulize habari za wajukuu. Wanaobusu pete ya Askofu hubusu utume aliokabidhiwa. Anayekupigia goti wewe naye anampigia Mwingine, na kazi yako ni kufikisha salamu.

5. Busu linalogharimu

Mabusu ni mengi na mengine ni ya bure. Padre hubusu altare kila Misa, na ni vema. Lakini yapo mabusu yanayolipa deni, na haya yataka ujasiri wa pekee.

Angalia Desemba 14, 1975. Katika Kanisa dogo la Sistina, Paulo VI alikuwa na mgeni, Mitropolita Meliton wa Kalsedoni, mjumbe wa Patriaki wa Konstantinopoli. Ilikuwa miaka 10 tangu makanisa hayo mawili yafute laana yalizotupiana mwaka 1054. Papa alimwendea, akapiga magoti, akambusu miguu. Kwa nini miguu? Kwa karne nyingi watu walitakiwa kubusu mguu wa Papa, na mwaka 1438, Wagiriki walipokuja Ferrara kutafuta umoja, Patriaki Yosefu II alikataa kufanya hivyo. Jeraha lilikuwa mguuni, na Paulo VI alikwenda kulitafuta palepale. Hakutuma barua ya jumla yenye maneno matamu.

Hiyo ndiyo mbinu: tafuta jeraha lilipo, ishara yako ikaguse hapo. Ulimtukana mtu hadharani kwenye kikao cha jumuiya? Mwombe radhi hadharani, kwenye kikao cha jumuiya hiyohiyo. Kumwendea usiku kwa mlango wa nyuma ni kujiombea radhi mwenyewe. Ulikalia hesabu za mchango wa bati? Ishara yako ni daftari, lililofunguliwa juu ya meza, na kalamu mkononi mwa mtu mwingine. Unang'ang'aniana mpaka wa shamba na mfugaji aliyehamia juzi? Nenda wewe kwake. Ukatembee, usitume mjumbe.

Halafu usidai risiti. Nasema hivi kwa sababu ya Aprili 11, 2019. Papa Fransisko, mwenye miaka 82, aliwakaribisha Vatikano viongozi wa Sudan Kusini kwa mafungo ya kiroho. Nchi yao ilikuwa imeungua kwa vita tangu Desemba 2013. Mwishoni alishuka kwa tabu, akabusu viatu vya Salva Kiir, vya Riek Machar, vya Rebecca Nyandeng, mmoja baada ya mwingine, akisaidiwa kuinuka kila mara. Februari 2020 Kiir na Machar waliunda serikali ya pamoja. Machi 2025 Machar aliwekwa kizuizini nyumbani kwake.

Je, busu lile lilipotea bure? Mimi nasema hapana, na nasema kwa moyo wangu wote. Mzee alibusu viatu vya watu ambao hakuwa na uwezo wa kuwalazimisha lolote. Hiyo ndiyo bei yake. Angekuwa na jeshi la kuwatisha, ingekuwa siasa. Waliobusiwa wana yao ya kujibu. Nawe utambusu mtu miguu, naye Jumatatu atakusema vibaya kisimani. Vumilia. Ulilipa deni lako, hukununua mdomo wake.

6. Lala chini ungali kijana

Hili fupi. Siku ya daraja takatifu, anayewekwa shemasi, padre au askofu hulala kifudifudi mbele ya altare, uso sakafuni, Litania ya Watakatifu ikiimbwa juu yake. Ijumaa Kuu padre hulala tena vilevile, ibada ikianza kimya. Padre, ukumbuke ubaridi wa sakafu ile. Siku unapotaka kumfokea mtumishi wa altare aliyemwaga divai, rudisha shavu lako pale kwanza.

Mlei, wewe hutalazwa kifudifudi. Lakini Jumatano ya Majivu panga foleni kama wengine, usipelekewe majivu kitini.

7. Fanya sehemu kubwa mahali pasipo na kamera

Ishara hadharani ni mlango tu. Ukibaki mlangoni unaziba njia. Ingia ndani, na ndani hakuna mpiga picha.

Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge, miaka ya ujamaa, hakuishia kuhubiri kuhusu kijiji. Alikwenda kuishi Nyabihanga, akalima na wanakijiji. Kardinali Maurice Otunga wa Nairobi alizaliwa mtoto wa chifu, Sudi Namachanja. Alipostaafu alikwenda kuishi katika nyumba ya wazee ya Masista Wadogo wa Maskini, akawa mzee kati ya wazee.

Wa karibu zaidi nasi ni Adrian Atiman. Ukitoka Usevya kuelekea Mpanda, utapita Hifadhi ya Katavi na ndorobo wake, utavuka Sitalike penye viboko, ndipo uanze safari ya kushuka Ziwa Tanganyika mpaka Karema, misheni ambayo Mapadre Weupe waliishika mwaka 1885. Atiman alikuwa mtoto wa Afrika Magharibi aliyeuzwa utumwani, akakombolewa na mapadre hao, akasomeshwa udaktari Malta. Alifika Karema mwaka 1889 akiwa daktari na katekista. Alikaa hapo akitibu mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67. Hesabu ni miguu mingapi iliyopita mikononi mwake bila kwaya kuimba. Mtu aliyewahi kuuzwa aliwainamia watu kwa hiari maisha yake yote, na kwangu mimi huyo ndiye mwalimu mkubwa wa somo hili katika mkoa mzima.

Mbinu ya kumfuata ni nyepesi. Chagua kazi moja ya mikono ambayo mtu akikukuta ukiifanya hataona cha kusifu. Kufagia sakristia. Kumpelekea mgonjwa maji. Usiitangaze hata kwa kulalamika kwamba umechoka, maana hiyo nayo ni namna ya kutangaza.

8. Ukishindwa, shindwa vizuri

Utashindwa. Magoti yatakataa, au moyo utageuka katikati ya ibada.

Kwa magoti, fuata tena mfano wa Fransisko. Machi 28, 2024 alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, akaenda gereza la wanawake la Rebibbia, Roma. Wanawake 12 walikaa juu ya jukwaa ili miguu yao imfikie, akaiosha akiwa ameketi, akisogezwa kutoka mmoja hadi mwingine. Mwaka uliofuata, Aprili 17, 2025, alikwenda gereza la Regina Coeli akitoka kuugua vibaya. Hakuweza kuosha miguu. Aliwaambia wafungwa wazi kwamba mwaka huu hawezi, ila anataka kuwa karibu nao. Akafariki siku nne baadaye. Ukifika hapo, nenda hata kama mikono haiwezi tena. Kaa nao.

Kwa moyo, dawa iko kwenye kiti cha kitubio. Machi 28, 2014, katika Basilika la Mtakatifu Petro, Fransisko alielekezwa kwenye kiti alichoandaliwa ili aungamishe watu. Yeye akaenda kwanza kwa padre mwingine, akapiga magoti mbele ya macho ya wote, akaungama. Padre wangu, ungama Jumamosi watu wakiwa kwenye foleni. Jiunge nayo. Waone kwamba hata anayewaondolea dhambi huja na mzigo wake.

Na Alhamisi Kuu, ukiwa kwenye mguu wa saba, wa yule msiyesalimiana, utashtuka kwamba umeinua macho kutafuta nani ameona. Litakupata hilo, wala usijifanye halikukupata. Usisimame kwenda kusali sala ndefu ya toba, maana wa nane ameshavua kiatu. Rudisha macho kwenye kisigino, osha katikati ya vidole, kausha vizuri, kisha mwite kwa jina na umuulize kama maji hayajapoa sana.